Aliye Mbele Yako Anaona Nini?



Leo sina tafakari tamu sana. Nina jambo lililonipata mwaka jana barabarani. Nililiungama, nikaondolewa dhambi, nikafanya malipizi. Lakini bado kila nikishika usukani linanirudia, na nimeona nikilikalia kimya nitakuwa nimewanyima kitu. Wengi wenu mnaendesha: bodaboda, bajaji, kirikuu, Noah ya baba. Na hata usiyeendesha, umeshakaa kwenye kiti cha basi ukamlaani moyoni dereva wa mbele anayejivuta. Kwa hiyo tuzungumze.

Swali langu ni hili: mtu akikuzibia njia, akakuchelewesha, una haki ya kumkasirikia? Na kama unayo, inaishia wapi?

Barabara yetu

Naishi Kibiti mjini. Anayeijua barabara ya Kilwa atanielewa haraka. Ukiwa Dar, kati ya Kurasini na Mbagala Rangi Tatu, unajiona uko nchi nyingine: leni mbili kwenda, mbili kurudi, na mabasi ya mwendokasi yamepewa njia yao katikati. Ukishaiacha Mbagala nyuma, mambo yanabadilika. Leni moja kwenda, moja kurudi. Ndivyo ilivyo Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu, Bungu, mpaka kwetu Kibiti, kisha Ikwiriri na daraja la Mkapa, na kuendelea kusini hadi Lindi na Mtwara.

Kutoka Dar hadi Kibiti ni kama kilomita 130. Siyo mbali. Lakini ukikutana na lori lenye shehena mbele yako, na nyuma ya lori kuna foleni ya magari saba, kilomita 130 zinakuwa safari ya kwenda Misri.

Kule mijini watu wanalalamika kuhusu mtu anayekaa leni ya kulia akijivuta, simu sikioni, wakati leni ya kushoto ni nyeupe. Wana haki ya kulalamika. Leni ya kulia ni ya kupita. Ukishapita, rudi kushoto. Lakini huku kwetu hakuna leni ya kupita. Unapotaka kulipita lori, unaingia kwenye leni ya mwenzako anayekuja. Unaiazima. Na yeye hukumwomba.

Kumbukeni hilo, maana nililisahau siku hiyo.

Siku yenyewe

Nilikuwa nimelala Mbagala kwenye semina ya vijana. Saa mbili asubuhi mama mdogo akanipigia: bibi anaumwa, homa kali tangu juzi, anaita majina ya watu. Bibi yangu mzaa mama anaishi kwenye visiwa vya delta ya Rufiji. Kwenda kule unaingia Bungu, unafuata barabara ya Nyamisati, halafu unapanda boti. Na boti za kule haziendi kwa saa ya mkononi, zinakwenda kwa maji. Maji yakijaa, nahodha anapita vijito vya katikati ya mikoko bila shida. Yakipwa, unakwama kwenye tope, unakaa hapo na mbu mpaka bahari ikuhurumie. Mama mdogo akasema, "Nahodha anasema mwisho saa saba na nusu. Ukichelewa, ni usiku wa manane."

Kwa hiyo haraka yangu haikuwa ya kijinga. Nataka hilo lieleweke. Sikuwa nakimbilia mpira. Nilikuwa nakimbilia mtu ambaye huenda nisingemkuta.

Niliazima Noah ya mjomba. Mkuranga nilipita vizuri. Baada ya Kimanzichana nikalikuta Fuso, limejaa magunia mpaka turubai limetuna kama kilemba. Mwendo wake, arobaini. Nyuma yake nilikuwa mimi peke yangu mwanzoni, baadaye wakajaa wengine nyuma yangu. Mara tuta, mara kijiji, mara kona, mara mstari mweupe usiokatika. Kila ninapochungulia kulia, basi linakuja. Nikapiga honi. Nikawasha taa za juu. Nikasogea mpaka nikawa nasoma maandishi ya kwenye bampa lake. Lori likabaki vilevile, arobaini, kama halinijui.

Kusema ukweli, humo ndani ya gari nilikuwa nishafungua kesi, nimesikiliza ushahidi na nimetoa hukumu. Huyu mtu ni mkaidi. Anafanya makusudi. Ananiona kwenye kioo na anafurahia. Mtu sijamwona hata uso! Nilichokiona kwake ni turubai na taa mbili nyekundu.

Halafu nikaona indiketa yake ya kulia inawaka.

Madereva wa masafa wana lugha yao, na hata sisi wa Noah tunaijua. Lori la mbele likikuwashia indiketa ya kushoto, anakuambia njia ni nyeupe, pita. Akikuwashia ya kulia, anakuambia usithubutu, kuna kitu. Siyo sheria iliyoandikwa, na mwenye akili haitegemei peke yake, maana ya kushoto inaweza ikawa anataka tu kuegesha. Lakini kila mtu anaijua. Na mimi niliijua.

Niliiona ile ya kulia nikasema kwa sauti, peke yangu garini, "Sasa hata kupita unanikataza?" Nikatoka.

Pale barabara ilikuwa inapanda kidogo kisha inazama. Nilipofika ubavuni mwa lori, kutoka kwenye ule mzamo ikachomoza bodaboda. Dereva, mama nyuma yake, mtoto katikati. Sina maneno ya kueleza. Yule wa boda akatupa pikipiki nje ya lami, kwenye majani. Lori likafunga breki, likaniachia nafasi. Nikaingia mbele yake. Kwenye kioo niliona vumbi tu.

Na hapa ndipo penye dhambi yenyewe, vijana. Sikusimama. Nilijiambia, "Hawajaumia, lori litawaona, bibi ananisubiri." Nikaenda.

Swali la mama

Nilifika njia panda ya Bungu mikono inatetemeka. Nikaegesha pembeni, nikanunua maji, sikuweza kufungua kifuniko. Sijui nilikaa dakika ngapi. Lile Fuso likaja, likasimama nyuma yangu. Akashuka mzee wa makamo, kandambili miguuni, shati limelowa jasho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni wewe mwenye hii Noah?"

"Ni mimi."

Nilitegemea kofi. Hakunipiga, wala hakupandisha sauti. Alisema, "Yule mama hajambo. Mtoto kachubuka goti. Kijana wa boda kaumia kiwiko kidogo. Nimewainua, nimewapa maji, wamekaa chini ya mwembe." Akanyamaza kidogo. "Nilikuwashia ya kulia, mdogo wangu. Hukuiona?"

"Niliiona, mzee. Nilidhani unanizuia."

Akaitazama barabara, si mimi. "Huku juu ninapokaa mimi naona mbali kuliko wewe. Wewe ulikuwa unaona mgongo wangu." Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Na mimi nina kosa. Pale nyuma palikuwa na pembe pana, ningeweza kuwapisha. Nikasema moyoni, huyu ananipigia honi, basi asubiri. Nisamehe hilo. Lakini rudi ukawaone wale."

Nikarudi. Zilikuwa kama kilomita sita. Nikawakuta chini ya mwembe, kama alivyosema. Nikaomba msamaha kwa yule kijana wa boda, nikampa hela ya kioo kilichovunjika. Kwa mama nikapiga magoti, maana sikujua nifanye nini kingine. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu:

"Ulituona?"

Nikasema, "Hapana, mama. Sikuwaona."

"Mwenye lori alituona," akasema. Akainuka, akampandisha mtoto mgongoni.

Sijasahau. Niliyekuwa namwita mkaidi, asiyejali watu, ndiye aliyewaona, ndiye aliyefunga breki, na ndiye aliyesimama. Mimi mwenye haraka ya upendo, niliyekuwa nakwenda kumwona mgonjwa, ndiye niliyewapita.

Hesabu niliyopiga Nyamisati

Boti nilishaikosa. Nyamisati nilifika maji yanatoka, mitumbwi imelala ubavu kwenye tope. Nikakaa gatini mpaka usiku, na nilikuwa na muda wa kupiga hesabu.

Nilipotoka nyuma ya lori, zilikuwa zimebaki kama kilomita sita kufika Bungu. Kwa mwendo wa arobaini ni dakika tisa. Kwa mwendo wa themanini ni dakika nne na nusu. Kwa hiyo nilichokuwa nanunua kwa ile hatari ni dakika nne na nusu. Kwa hizo dakika nne na nusu niliweka rehani mtoto wa mtu. Na kama nisingeziiba, ningeiwahi boti na dakika za kubaki.

Hata safari nzima nyuma ya lile lori, kilomita kama ishirini, ni nusu saa badala ya robo saa. Robo saa. Hasira niliyoibeba ilikuwa ya mtu aliyeibiwa mwaka.

Pale gatini wazee walikuwa wanapiga soga za zamani. Delta yetu ina historia. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humu ndani, na Waingereza wakaizamisha kwa makusudi meli nyingine, Newbridge, ili kuziba mlango mmoja wa mto. Lakini Rufiji una milango mingi. Mto ukizibiwa huku, unatokea kule. Königsberg ilikuja kuangamizwa Julai 1915 kwa mizinga, siyo kwa kuzibiwa.

Nikawaza: mto ukizibiwa haukasiriki, una pengine pa kupitia. Sisi wa barabara ya Kilwa tuna mlango mmoja tu. Wote tunapita hapohapo: lori, basi, Noah, boda, baiskeli yenye mkaa, mama mwenye ndoo, ng'ombe. Kama hatupishani kwa adabu, hatuna mlango wa pili.

Usiku wa manane maji yakarudi. Nilifika kwa bibi alfajiri. Homa ilikuwa imeshashuka. Bibi ni Mwislamu na mimi Mkatoliki, familia nyingi za huku ziko hivyo. Nilimkuta anajiandaa kuswali akiwa amekaa. Nilipomsimulia, alisema tu, "Ungekuja na maiti ya mtu, ungenisalimiaje?" Akaendelea na ibada yake.

Haraka haraka, na ngoja ngoja

Sasa turudi kwenye swali. Ni rahisi kumaliza kwa methali: haraka haraka haina baraka. Watu wengi waliniambia hivyo. Lakini mimi naona methali hiyo pia hutumiwa vibaya. Anayejivuta leni ya kulia huku anachati, naye atakuambia haraka haraka haina baraka. Mhudumu anayekuacha dirishani saa nzima, naye anaijua. Ndiyo maana wahenga walituachia na nyingine: ngoja ngoja huumiza matumbo. Haraka siyo dhambi. Bikira Maria mwenyewe, Injili ya Luka inatuambia, alipokwenda kwa Elizabeti alikwenda kwa haraka. Mgonjwa, mama anayejifungua, mtoto aliyeng'atwa na nyoka, hao wote wana haki ya kupishwa.

Kwa hiyo anayezuia njia anaweza kuwa na kosa kweli. Nimejaribu kuwagawa watu wanaotuchelewesha, nikapata makundi matatu. Wa kwanza hawezi kwenda zaidi: mzigo ni mzito, gari limechoka, au sheria inambana. Lori na basi haviruhusiwi kuzidi 80, na kwenye makazi wote tunatakiwa 50, na trafiki yupo na tochi yake chini ya mkorosho. Wa pili anaweza, lakini ameona kitu usichokiona. Wa tatu anaweza, hajaona kitu, na hajali, au anakukomoa.

Ni yule wa tatu tu ndiye anayekukosea. Tatizo ni kwamba ukiwa nyuma, wote watatu wanafanana. Wote ni turubai na taa mbili nyekundu. Na mimi, kama watu wengi, kila ninayemkuta mbele namweka kwenye kundi la tatu bila kuuliza.

Mtakatifu Thoma wa Akwino hasemi kwamba kila hasira ni dhambi. Anafundisha kwamba hasira inaweza kufuata akili na haki. Inakuwa mbaya pale inapotaka kumwadhibu asiyestahili, au kumwadhibu kupita anavyostahili, au kwa lengo lisilo sahihi. Nimejipima kwa mizani hiyo nikaanguka kote. Nilitaka kumwadhibu mtu asiyestahili. Adhabu yenyewe, kumkaribia bampa kwa bampa, ilikuwa kubwa kuliko kosa lolote la kwenda arobaini. Na lengo halikuwa bibi tena. Nilipokuwa natoka kulipita lile lori, bibi sikumkumbuka kabisa. Nilitaka kushinda.

Hapo ndipo nikajua hasira yangu imeharibika. Ilianza kwa upendo wa bibi, ikaishia kwenye ubishi na turubai.

Kanisa halijanyamaza kuhusu mambo haya. Katekisimu, namba 2290, inasema kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kupita kiasi anabeba hatia nzito. Na mwaka 2007 Vatikani ilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi za dereva. Ya kwanza ni ileile ya Musa: usiue. Nyingine inasema gari lisiwe chombo cha kuonyesha ubabe na kutawala wengine. Nyingine inatutaka tumlinde aliye dhaifu zaidi barabarani. Na ipo moja iliyonigusa sana: dereva mwenye kosa na aliyemuumiza wakutanishwe kwa wakati wake, ili waonje uhuru wa msamaha. Nilipoisoma nilimkumbuka mzee wa Fuso. Sidhani kama yeye ameisoma. Lakini ndicho alichofanya aliponiambia, "Rudi ukawaone wale."

Punda na Yakobo

Vijana, fungueni Biblia mahali pawili.

Kwanza Kitabu cha Hesabu, sura ya 22. Balaamu amempanda punda wake, ana safari. Njiani malaika wa Bwana amesimama na upanga. Punda anamwona, Balaamu hamwoni. Punda anakwepa, anajibana ukutani, mwishoni analala chini. Mara tatu Balaamu anampiga. Na malaika anakuja kumwambia kwamba kama punda asingegeuka, yeye Balaamu angekuwa ameshauawa, na punda angeachwa hai.

Nilikuwa naisoma hadithi hiyo kama kichekesho, punda anayeongea. Sasa siisomi hivyo. Balaamu alikuwa nabii, mtu wa maono, anayelipwa kwa sababu anaona. Na siku hiyo aliyeona alikuwa mnyama aliyekuwa anamcheleweshea safari. Fimbo tatu zilimwangukia aliyekuwa anamwokoa. Honi zangu na taa zangu ni fimbo za Balaamu.

Pili, Mwanzo, sura ya 33. Yakobo na Esau wamepatana baada ya miaka mingi. Esau anasema twende pamoja. Yakobo anamjibu kwamba ana watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha. Wanyama wakiendeshwa kwa nguvu hata siku moja watakufa. Basi anamwomba ndugu yake atangulie, yeye atafuata polepole kwa mwendo wa watoto na wanyama.

Hapo pana adabu ya mwenye mwendo mdogo. Yakobo haoni aibu kwenda taratibu, kwa sababu ana mzigo wa roho za watu. Lakini hamzuii Esau. Anasema: wewe tangulia. Anampisha.

Kwa hiyo Mungu ametupa somo kwa pande zote mbili. Ukiwa nyuma, mkumbuke punda: aliye mbele yako huenda anaona malaika. Ukiwa mbele, mkumbuke Yakobo: nenda mwendo wako, lakini tazama kioo, na panapopatikana pembe, mpishe ndugu yako. Mzee wa Fuso alijua la kwanza na akakiri kwamba la pili lilimshinda siku ile. Mimi yalinishinda yote mawili.

Na hili halihusu magari tu. Nani anayekuzibia njia maishani sasa hivi? Mzazi anayesema subiri kidogo kuhusu huyo mchumba? Paroko ambaye hajajibu barua yenu ya kuomba vyombo vya kwaya? Mwenzio kwenye jumuiya anayeuliza maswali mengi kabla ya kukubali jambo? Inawezekana yumo kwenye kundi la tatu, hajali. Inawezekana kweli. Basi mwambie, kwa heshima, na ukipata nafasi salama mpite bila kumtukana. Lakini kabla ya kutoka kwenye leni yako, jiulize mara moja: huyu amekaa juu kuliko mimi, anaona nini? Na leni ninayotaka kuingia, ni ya nani?

Malipizi yangu

Nilipoungama, padre hakunipa rozari kumi. Aliniambia kwa mwezi mmoja, kila nikilikuta gari linalokwenda taratibu mbele yangu, nimsalie dereva wake Salamu Maria moja kabla ya kuwasha indiketa. Nikaona ni malipizi mepesi. Siyo mepesi! Wiki ya kwanza nilikuwa nasali meno yamebana. Lakini Salamu Maria moja ni kama sekunde kumi na tano, na katika sekunde hizo kumi na tano mara nyingi nimeona basi likichomoza ambalo nisingeliona. Nyingine sikuona kitu, nikapita salama, nikampungia dereva mkono. Mwezi uliisha zamani. Sijaacha.

Sisemi nimepona. Juzi tu pale Mbagala kuna mtu alikaa leni ya kulia, speed thelathini, na nilimwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Kisha nikasali. Mpangilio ulikuwa kinyume, najua. Bwana anajua pia.

Ya kujiuliza wiki hii

1. Ni nani ninayemhukumu nikiwa nimeona mgongo wake tu?
2. Kuna mtu nimemwangusha kwenye majani nikaenda zangu? Bado naweza kurudi?
3. Mimi mwenyewe namchelewesha nani? Kuna pembe ya kumpisha ninayoikataa kwa sababu tu amenipigia honi?

Tusali

Bwana Yesu, wewe uliyetembea kwa miguu na wanafunzi waliochoka, utufundishe kwenda kwa mwendo wa walio dhaifu. Tukiwa nyuma, utupe subira na macho. Tukiwa mbele, utukumbushe kutazama nyuma. Uwalinde madereva wa lori wanaokesha kwenye barabara ya kusini, vijana wa bodaboda, akina mama na watoto waliowabeba. Na tuliowaumiza barabarani, utupe ujasiri wa kurudi tukawaone. Amina.

Safari njema, na tuombeane.